Tufe Nililolipandisha Mlimani

Ulikuwa ule mwaka wa kabichi. Sisi huku hatuhesabu kwa kalenda. Niulize mwaka wowote nitakwambia watu walikula nini. Kuna mwaka wa ndizi mbichi, kuna mwaka wa mahindi ya njano yaliyoletwa kwa lori, na kuna huo wa kabichi, ambao si wa zamani, maana simu za kusugua kwa kidole zilikuwa zimeshafika hata kwa wachunga mbuzi. Mvua ilinyesha mpaka mlima ukachoka kujishika. Ukaporomoka, ukaziba barabara ya kushuka Mombo, na malori ya kupakia mboga yakawa hayapandi. Kabichi zikabaki shambani zinapasuka kwa unene. Maharage yalikuwa yameozea kwenye mvua hiyo hiyo, kwa hiyo hata makande tuliyapika mahindi na kabichi. Asubuhi chai na kabichi ya jana. Mchana ugali na kabichi. Jioni kabichi peke yake. Mbuzi wangu walifika mahali ukiwatupia jani wanakutazama kama umewatukana.

Mwanangu wa kwanza, anayekaa Dar es Salaam, hakuona cha kuchekesha. Yeye aliona picha za udongo kwenye simu yake, akanipigia, mtandao haushiki. Akapiga tena na tena. Mtu mmoja wa Mombo akamwambia kwamba huko juu watu wamekwisha. Uongo mtupu. Hatukuwa tumekwisha, tulikuwa tunajamba tu.

Barabara ilipofunguliwa akaja mwenyewe. Alisimama mlangoni matope mpaka magotini, macho mekundu kama aliyefukizwa moshi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona uko hivyo?"

"Funga nguo zako. Unakwenda kupumzika kwangu."

"Nipumzike nini? Sijachoka."

"Wewe hujachoka, mama. Nimechoka mimi."

Hapo alinishinda. Maneno mengine nilikuwa nimeyatayarishia majibu, hayo sikuyatayarishia. Nikamkabidhi jirani yangu ufunguo na mbuzi. Huyu jirani ni mjane kama mimi, nyumba yake iko chini ya yangu kidogo, na tumezeeka pamoja tukitukanana vizuri. Akaniambia, "Nenda ukanenepe. Ukifa huko, mbuzi ni wangu." Nikashuka.

Dar es Salaam kilichonishangaza si magorofa. Ni utambarare. Ukiweka kitu chini, kinakaa. Unatembea mchana kutwa na magoti hayajui kama umetoka. Kwa mwanangu kulikuwa na kila kitu isipokuwa kazi. Nikishika ufagio mkwe wangu ananinyang'anya kwa adabu. Nikiingia jikoni naambiwa, "Mama, kaa, pumzika." Nilikaa kwenye kochi mpaka kochi likachukua umbo langu. Televisheni ikaongea, mimi nikasinzia, nikaamka, bado inaongea.

Aliyeniokoa ni mjukuu wangu wa kike, binti wa huyo mwanangu, anayefanya kazi ofisini. Yeye ananiita mke mwenzie, kwa sababu marehemu babu yake alikuwa mume wake wa utani tangu akiwa mchanga, na mpaka leo ananidai nusu ya urithi. Jumamosi moja alisimama mbele ya kochi, mikono kiunoni.

"Mke mwenzangu, utaota uyoga hapa. Vaa, tunatoka."

"Kwenda wapi?"

"Kucheza."

"Nicheze mimi? Ngoma ya nani?"

"Si ngoma. Twende, utaona."

Akanipeleka kwenye jumba moja lenye baridi kama kwetu mwezi wa saba, na kelele kama watu wanavunja kokoto. Ndani kuna njia ndefu za mbao, zinang'aa kama zimepakwa samli, na kweli zimepakwa mafuta. Huku umesimama wewe. Kule mwisho zimesimama pini kumi nyeupe, zina shingo nyembamba na tumbo kubwa kama chupa. Kazi yako ni kuviringisha tufe zito lenye matundu matatu, liende likaziangushe. Basi. Kulia na kushoto kuna mfereji, na tufe lisilo na adabu linaingia huko. Mchezo huo wanauita bouling. Mtu mzima analipa ili akaangushe vitu, halafu mashine inavisimamisha tena ili aviangushe tena. Nikasema moyoni, hawa wangekuwa na shamba wasingefanya hivi.

Kwanza lazima uvue viatu vyako, wakupe vya kwao. Mama wa kaunta akaniuliza, "Bibi, namba ngapi?"

"Namba ya nini?"

"Ya mguu."

"Mguu wangu hauna namba, una vidole."

Akacheka, akainama akautazama mguu wangu, akaniletea viatu vya rangi mbili, nyekundu upande huu na bluu upande huu, na namba kubwa imeandikwa kisiginoni. Nadhani ni ili mwizi ajulikane kwa nyuma. Kabla ya kunipa akavipulizia dawa ndani, fss, fss, kama anaua mbu. Mimi kuvaa kiatu ambacho kimevaliwa na mji mzima sipendi, ni kama kulala kitanda cha mtu usiyemjua. Lakini mjukuu alikuwa ameshalipa, na soksi mpya alikuwa ameninunulia. Nikavaa huku nimekunja uso.

Tufe la kwanza dole gumba langu lilinasa. Matundu yale yametobolewa kwa vidole vya watu wa ofisini. Nilibaki na tufe mkononi kama chungu kilichoganda, mjukuu akalivuta kama anang'oa muhogo. La pili likaingia mfereji wa kushoto. La tatu likaingia mfereji wa kulia. Vijana wa njia ya jirani walikuwa wananitazama kwa huruma, na huruma ya vijana mimi inanichoma kuliko matusi. Nikapandisha kanga, nikalishika tufe kwa mikono miwili, nikapanua miguu, nikalisukuma katikati kama ninavyosukuma jiwe shambani. Likaenda polepole. Lilikwenda polepole mpaka mjukuu akasema litalala njiani. Likafika, likaigusa pini ya mbele kama linabisha hodi, pini ikamwangukia mwenzie, na yule akamwangukia mwenzie, zikaenda zote kumi, ya mwisho ilizunguka zunguka kama mlevi anayetafuta nyumba yake, ikalala.

Nikapiga kigelegele. Jumba zima likanyamaza, halafu likapiga makofi. Sikuona aibu hata kidogo. Aibu ya nini? Nilikuwa nimeziangusha zote.

Mwanangu alikuja kutuchukua jioni, akanikuta nimekaa na chupa ya soda, nimevaa vile viatu bado, namweleza mzee mmoja wa Kihindi jinsi ya kuinama. Akasimama akanitazama. Muda mrefu alikuwa hajaniona nikicheka hadi kushika ubavu. Akasema, "Kumbe dawa yako ni hii?" Mimi nikadhani ni swali la kawaida.

Wiki iliyofuata akanirudisha pale pale. Hatukwenda kwenye kaunta, akaniongoza chumba cha nyuma, kwa fundi wa kutoboa matufe. Huyo alikuwa mtu mzima, ana kitambi na miwani, na matufe yamepangwa nyuma yake kwenye rafu kama maboga siku ya gulio. Mengine mapya, mengine yameshatumika, matundu ya zamani ameyaziba ili atoboe upya. Mwanangu akasema, "Mpe mama la kwake. Na viatu vya kwake."

Nikaenda moja kwa moja kwenye tufe zito jeusi.

"Hilo acha, bibi," fundi akasema.

"Kwa nini? Mimi nabeba debe la viazi."

"Debe la viazi hulirushi. Watu wote wanachagua zito kwa kiburi, halafu bega linawasuta. Lishike, uache mkono uning'inie."

Nikalishika. Bega likashuka upande mmoja, nikawa kama mizani ya muuza nyama. Akanipa lingine, bega likashuka kidogo. Akanipa la rangi ya biringanya, uzito kama mtoto wa miezi minne aliyenyonya vizuri. Bega likatulia. Likawa ndilo.

Akanipima mkono. Vidole viwili, cha kati na cha pete, vinaingia mpaka kiungo. Gumba linaingia lote, tena lisikazwe wala lisilegee. Likikazwa litakuvunja, likilegea utafinya tufe kwa hofu na mkono utachoka kabla ya mchezo kuisha. Alipofika kwenye gumba akavua miwani, akaifuta, akavaa tena.

"Bibi, dole hili ni la mwanamke?"

"Dole hilo ndilo limepanda kabichi unazokula wewe. Toboa."

Akatoboa. Vumbi la zambarau likaruka. Akalisugua tundu kwa msasa, nikajaribu, akasugua tena, nikajaribu, mpaka gumba likawa linaingia na kutoka kama mtu na nyumba yake. Vitu vingi nimemiliki katika maisha haya, lakini jembe linafaa mkono wowote, sufuria inafaa mkono wowote. Hiki kilikuwa kitu cha kwanza kutengenezwa kwa ajili ya mkono wangu mimi peke yangu, na mtu mwingine akikishika hakimkubali. Nakiri kilinilevya.

Viatu vilikuwa vyeupe, vina mstari wa kijani. Fundi akavigeuza nikaona soli. Cha kushoto ni laini, kinateleza. Cha kulia kina mpira, kinashika. Maana hatua ya mwisho mguu wa kushoto unateleza mbele, na tufe linaondoka mkononi wakati huo huo.

"Kwa hiyo mguu mmoja mlevi, mwingine una akili," nikasema.

"Ndiyo ndoa hiyo, bibi," akasema fundi. Mwanangu akacheka kuliko wote. Alikuwa na furaha kubwa siku hiyo, akabeba mwenyewe mfuko wa tufe mpaka kwenye gari, akanifungia mkanda kama mtoto. Ningekuwa na akili ningejiuliza. Kuku hutupiwa mtama kwanza.

Sasa nieleze nilivyoanguka, kwa sababu watu wameeleza vingi. Siku ya kwanza ya kuvaa viatu vyangu mvua ilikuwa imenyesha. Nilikuwa nimevivaa kutoka nyumbani, nani asingefanya hivyo na viatu vipya? Nikashuka kwenye gari, nikakanyaga matope mpaka mlangoni. Sasa kwetu huku udongo ni mwekundu, unaganda kama unga wa ugali, na hakuna mtu mwenye wazazi anayeingia kwenye sakafu ya mwenzie na soli chafu. Kila mlango una kopo la maji. Unaosha, unakung'uta, ndipo unapiga hodi. Nikaitazama ile mbao inavyong'aa, nikatazama soli zangu, nikaona haya. Nikaenda chooni nikaziosha zote mbili kwa sabuni, nikapangusa kwa pindo la kanga, nikatoka safi kama bibi harusi.

Nikalishika tufe langu. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hatua ya mwisho mguu wa kushoto ukakataa kuteleza. Ulishika mbao kama kupe. Mimi nikaendelea, mguu ukabaki. Tufe likarukia njia ya vijana wa jirani, mimi nikalala kifudifudi nusu ndani ya mafuta, kanga huku, kilemba kule. Kiwiko kikavimba, goti likachunika.

Fundi akaja mbio. Akakigeuza kiatu, akagusa soli, akatikisa kichwa. "Nani amelowesha hiki? Kiatu hiki hakitakiwi hata tone la maji, kikilowa kinaganda." Mwanangu alikuwa amesimama pale pale, na alisikia. Lakini mtu aliyekwisha kuamua jambo hasikii, anangoja tu zamu yake ya kusema.

Alisema wakati wa chakula, watu wote wakiwa mezani.

"Mama, umeona mwenyewe. Umeanguka kwenye sakafu iliyonyooka. Je, kule kwenye mteremko, peke yako?"

"Kiatu kilikuwa kimelowa."

"Leo kiatu. Kesho itakuwa nini? Nimeongea na wadogo zangu. Unakaa hapa. Nyumba ya kule tutampangisha mwalimu, mbuzi atachukua jirani. Hapa una hospitali, una sisi, na mchezo wako uko karibu. Tufe si nimekununulia?"

Hapo ndipo nilipoona mtama ulivyopangwa mpaka mlangoni mwa banda.

Mjukuu wangu alikuwa anatazama sahani yake. Mkwe wangu akaniongezea mchuzi ingawa sahani ilikuwa imejaa. Nilitaka kumjibu mwanangu, nikamtazama, nikaona yale macho mekundu ya siku ile ya barabara. Nikanyamaza. Yeye akadhani kunyamaza kwangu ni ndiyo. Tangu atoke tumboni mwangu hajawahi kuujua ukimya wangu.

Kiwiko kilipopoa nikasema nakwenda kwangu. Akasema sawa, nenda ukaage watu, mwezi ukiisha nakuja na gari kukuchukua wewe na vyombo vyako. "Tufe liache, si unarudi?"

"Limetobolewa kwa vidole vyangu," nikasema. "Litakwenda viendako."

Gari lilinishusha pale njia panda ya kwetu, na kutoka hapo ni kupanda kwa miguu. Nikasokota ngata kwa kanga, nikaiweka kichwani, nikaliweka tufe juu yake, mkoba wa viatu mkononi, nikaanza kupanda. Na anisikie vizuri mtu yeyote mwenye shaka na magoti yangu: sikupumzika mpaka kwa jirani.

Yule jirani alikuwa anapalilia. Akainua kichwa.

"Umerudi? Mimi nilishaanza kuwapenda mbuzi. Hilo boga la rangi gani?"

"Si boga. Ni tufe. Nikiviringisha linaangusha watu wazima."

"Lishushe nilione."

Akanifuata mpaka kwangu, nikalishusha barazani. Mtu akikaa Dar es Salaam siku chache tu anasahau kwao. Kwetu hakuna mahali pa kuweka kitu cha duara. Tufe likafikiri kidogo, likaanza safari. Likashuka ngazi, likaingia kwenye kabichi za jirani, likaruka tuta la kwanza, likaruka la pili, majani yanaruka, jirani anapiga kelele, mbuzi wanakimbia, tukalisikia mwisho kabisa likitumbukia mtoni, dumbwi!

"Hilo lako," jirani akasema, "lina haraka ya kurudi Dar."

Tulilikuta limekaa kwenye maji chini ya migomba, halina hata mchubuko. Wakati nalipandisha tena, natweta, nikaamua. Mwanangu alisema mchezo wangu uko Dar. Basi mchezo wangu utakuwa hapa, na akija aukute.

Kazi ilikuwa utambarare. Nyuma ya nyumba kuna uwanja mwembamba ninaoanikia maharage, lakini nao ulikuwa unainamia bondeni. Nikakata udongo upande wa juu, nikaumwaga upande wa chini, nikajenga ukingo wa mawe, nikashindilia kwa mchi. Nikaweka sinia la maji katikati. Maji yakakimbilia bondeni. Nikakata tena. Jirani anakuja kunitazama anasema, "Unajichimbia kaburi? Mbona refu hivyo?" Namwambia, "Hili la sisi wawili, wewe utalala miguuni." Siku maji yalipokaa katikati ya sinia, yametulia kama jicho, nilikaa chini nikayatazama. Sijawahi kuona maji yametulia hivyo kwenye mlima huu.

Fundi seremala wa hapa mjini Lushoto akanipa mabanzi ya mbao aliyoyaona hayamfai, akayapiga randa. Nikayapanga, nikayasugua kwa mshumaa. Pini ni chupa za maji zilizojazwa mchanga. Viatu vyangu navining'iniza juu ya moto, pale pale kwenye mahindi ya mbegu, moshi uvikaushe. Sivivai popote ila juu ya mbao. Kutoka jikoni mpaka uwanjani navaa kandambili, nakaa kwenye kigoda, nabadilisha kama daktari anayeingia kupasua.

Wakaanza kuja. Kwanza jirani, halafu wanawake wa kikundi chetu cha kukopeshana mbegu, halafu bibi mmoja wa juu kabisa karibu na msitu ambaye hatukuwa tumemwona tangu msiba wa mumewe. Wao wanacheza pekupeku, na matundu ya tufe hayawafai, kwa hiyo wanasukuma kwa mikono miwili. Ugomvi ulikuwa mwingi kuliko mchezo.

"Amekanyaga mstari!"

"Mstari gani, huo ni ufa wa mbao!"

"Wewe una viatu vya wizi, ndiyo maana unashinda."

"Nunua vyako. Mwambie mwanao."

"Mwanangu mimi hajanunua hata chumvi!"

Shehe wetu alipita siku moja akasimama kwenye ukingo. Akauliza kwa upole kama hiyo ni kamari. Nikamwambia hakuna cha kushinda hapa isipokuwa maneno. Akatazama mtupo mmoja, akatazama wa pili, akasema basi adhana ikisikika tupunguze sauti. Lakini hakuondoka mpaka chupa ya mwisho ilipoanguka.

Mwezi ulipoisha mwanangu akaja na gari la mizigo. Aliliacha barabarani akapanda kwa miguu, na alipofika hakumkuta mtu sebuleni. Akafuata kelele. Nikamwona amesimama kwenye kona ya nyumba na kamba za kufungia vyombo begani. Wanawake wakampokea mgeni kwa vicheko, yeye akawapa shikamoo moja moja kama nilivyomfundisha, halafu akawa anatazama chini. Hakutazama mbao. Alitazama ukingo wa mawe, akaufuata mpaka mwisho, akausukuma kwa mguu, haukutikisika.

"Nani amejenga hapa?"

"Mimi."

"Na nani?"

"Na jembe."

"Amekataa msaada," jirani akasema. "Tulimpa maneno tu, na maneno alituzidi."

Wakamlazimisha acheze. Akavua viatu, akalishika tufe langu kwa mikono miwili, akalitupa kwa nguvu za kiume, likaruka nje ya mbao na likagonga ukingo. Bibi wa msituni akamwambia, "Baba, umenunua kitu usichokiweza." Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Yeye pia alicheka, lakini nilimwona anazikunja zile kamba, anazikunjua, anazikunja tena.

Jioni, watu walipoondoka, nikampakulia makande, ya maharage safari hii, yameiva mpaka yanang'aa. Alikula nusu sahani. Halafu akaweka kijiko.

"Mama, barabara ilipofungwa sikulala. Nilikuona umefunikwa na udongo. Kila nikifumba macho nakuona. Mimi nikiwa kule na wewe huku, nikusaidie vipi? Ukianguka huku, nani atanipigia? Twende, mama. Nakuomba."

Alikuwa mtu mzima mwenye mvi ndevuni, na sauti yake ilikuwa ile ya siku ya kwanza niliyompeleka shule akaning'ang'ania kanga. Moyo wangu ulikwenda na kurudi. Nilimwongezea makande kwanza, nipate pa kuweka macho.

"Naijua hofu yako," nikamwambia. "Nimeibeba mimi kabla yako, kila ulipochelewa kurudi kutoka mtoni. Lakini sikukufunga kamba mguuni. Jirani ana namba yako. Mvua ikizidi, atakupigia. Mtandao ukikataa, atapanda kule juu msituni unakoshika. Tumeshakubaliana. Haya sasa nisikilize. Sihami. Ukitaka kunitunza, panda mlima."

Alichukua kijiko akamaliza makande. Alilala kwenye chumba chake cha zamani, na asubuhi nikamkuta amekwisha kuamka, anatembea juu ya mbao zangu kwa soksi, mikono nyuma, kama mkaguzi. Nikadhani yamekwisha. Nikamfungashia mapeasi na kabichi mbili, nikamsindikiza mpaka barabarani. Gari lake kubwa lilikuwa tupu kabisa, kamba ziko pale pale nyuma. Akafungua mlango, akaingia, akawasha, akazima. Akashusha kioo.

"Mama, hata kwa miezi ya mvua tu? Mvua zikiisha nakurudisha mwenyewe."

Nikaegemea dirishani, nikamtengenezea kola ya shati.

"Sihami. Ukitaka kunitunza, panda mlima."